Punda Afe, Mzigo Ufike?

Masomo: Mithali 12:10, Hesabu 22:21–35, Kutoka 23:4–12, Warumi 8:19–26



Kuna msemo ambao sisi Wakenya tunaupenda mno: punda afe, mzigo ufike. Tunausema wakati wa mitihani, wakati wa kampeni, na hata kwenye kamati ya harusi ikiwa imebaki wiki moja na pesa hazijatosha. Tunamaanisha kwamba kazi lazima ifanyike, liwe liwalo. Sina ugomvi na bidii. Lakini kila nikiutafakari msemo huo naona kuna mmoja ndani yake ambaye haulizwi chochote. Mzigo una mwenyewe, safari ina mwenyewe, faida ina mwenyewe. Anayekufa ni punda, na sisi tunasema hivyo huku tukicheka.

Swali la wiki hii ni hili: je, kanisa lina wajibu wa kunena juu ya namna tunavyowatendea wanyama? Sisemi mtu mmoja mmoja mwenye roho nzuri. Nasema kanisa, pale madhabahuni, kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Najua wengine mmeshaanza kutabasamu. Ndugu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia waziwazi nilipomtajia somo hili: "Mchungaji, watu hawana unga, vijana wanaisha na pombe, na wewe unataka kuhubiri punda?" Pingamizi hilo si la mchezo na nitalirudia. Kwanza tufungue Biblia.

Tuanze na Mithali 12:10. Sulemani anasema kwamba mtu mwenye haki anaujali uhai wa mnyama wake, lakini mwovu hata anapofikiri anafanya huruma, huruma yake ni ukatili. Tazameni alama anayoitumia kumtambua mwenye haki. Sisi tuna alama zetu. Tunaangalia kama mtu ananena kwa lugha, kama anatoa fungu la kumi, kama anakuja kwenye kesha. Sulemani anaenda nyuma ya nyumba, kwenye boma, anaangalia ng'ombe. Anataka kujua kama mnyama ambaye hawezi kutoa ushuhuda siku ya Jumapili angesema nini juu ya bwana wake.

Na kuna jambo ndani ya Kiebrania ambalo limenisaidia. Neno linalotumika pale ni la kujua: mwenye haki anaijua nafsi ya mnyama wake. Maneno hayo mawili, kujua na nafsi, yametumika pamoja mahali pengine, katika Kutoka 23:9. Hapo Mungu anawakataza Waisraeli kumwonea mgeni kwa sababu wao wenyewe wanaijua nafsi ya mgeni, maanake walikuwa wageni Misri. Hawakusoma habari za ugeni kwenye kitabu. Waliuonja. Basi ndivyo mwenye haki anavyomjua mnyama wake. Anajua kiu ni nini kwa sababu naye huona kiu. Anajua kidonda kinavyouma kamba ikipita juu yake, kwa sababu naye ana ngozi.

Sasa twende kwa Balaamu, Hesabu 22. Hadithi hii tumeihubiri sana, lakini mara nyingi tunaihubiri kama kichekesho cha punda aliyeongea. Hebu soma tena polepole. Nabii yuko safarini, ana upako, ana jina, wafalme wanamtumia wajumbe. Chini yake kuna punda jike. Malaika wa Bwana anasimama njiani na upanga, na anayemwona kwanza ni punda, si nabii. Punda anakwepa mara tatu, na mara tatu anapigwa. Mungu anapokifungua kinywa chake, hatabiri na wala haelezi malaika ni nani. Anauliza swali la kawaida kabisa: nimekukosea nini hata ukanipiga mara hizi tatu? Kisha anamkumbusha utumishi wake, kwamba amempanda siku zote na hajawahi kumfanyia hivyo.

Ukifika mstari wa 32 utaona jambo ambalo wengi tunaliruka. Malaika anapoanza kusema na Balaamu, neno lake la kwanza si juu ya Balaki wala dhahabu ya Moabu. Anamuuliza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Yaani malaika analirudia swali la punda! Halafu anaongeza kwamba kama punda asingekwepa, yeye angemuua Balaamu na kumwacha punda hai. Mtu wa Mungu aliyejaa hasira na mnyama aliyejaa mapigo walisimama mbele ya mbingu, na mbingu zikachukua upande wa mnyama. Sijui kama kuna mahali pengine katika Maandiko ambapo mhubiri anaaibishwa namna hiyo.

Torati nayo haikuacha jambo hili kwa hiari ya mtu. Usimfunge ng'ombe kinywa anapopura nafaka, Kumbukumbu 25:4. Usilime kwa ng'ombe na punda wakiwa wamefungwa pamoja, kwa sababu hawalingani nguvu, Kumbukumbu 22:10. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usipite, msaidie, Kutoka 23:5. Hiyo ya mwisho naipenda sana. Umegombana na jirani juu ya shamba, mko hata kwa chifu, halafu unakuta punda wake ameanguka barabarani. Mungu anasema ugomvi ni wenu wawili, punda hayumo kwenye kesi.

Na Sabato? Soma Kutoka 23:12. Siku ya saba upumzike, ili ng'ombe wako na punda wako wapate kupumzika, halafu ndipo anatajwa mtoto wa mjakazi na mgeni. Ng'ombe na punda wametangulia kwenye orodha. Nawaomba mlifikirie hilo kwa sababu Jumapili, wakati tumekaa hapa tangu saa mbili hadi saa saba, mikokoteni ya punda inapita hapo nje na maji ya kupikia chakula chetu cha mchana.

Wako wasomaji wazuri wa Biblia katika kanisa hili, na najua mistari watakayoniletea. Wataleta 1 Wakorintho 9:9, pale Paulo anapoitaja sheria ya ng'ombe kisha anauliza kama kweli Mungu anashughulika na ng'ombe, na kujibu kwamba iliandikwa kwa ajili yetu. Si neno jepesi, na sitalizunguka. Paulo anatetea haki ya watumishi wa Injili kulipwa. Anatoka kwa kidogo kwenda kwa kikubwa: ikiwa hata ng'ombe ana haki ya kula pale anapofanya kazi, je, si zaidi mtumishi? Lakini hoja ya namna hiyo inasimama tu ikiwa ile ya chini ni kweli. Ukisema ng'ombe hana haki yoyote, umemwangusha mhubiri pamoja naye. Kwa hiyo wachungaji, tuwe waangalifu: mshahara wetu umeegemea kinywa cha ng'ombe.

Wataleta pia nguruwe wa Wagerasi, kama elfu mbili, Marko 5. Ni kweli Bwana aliwaruhusu pepo, na ni kweli kundi lilikufa majini. Nasoma hapo kwamba mtu mmoja aliyekuwa akijikata kwa mawe makaburini ana thamani kuliko kundi zima na pesa zake zote. Naamini hivyo kwa moyo wote. Lakini kuwa na thamani zaidi si kusema yule mwingine hana thamani. Bwana huyohuyo alisema sisi ni bora kuliko mashomoro wengi, na alisema hivyo baada ya kusema kwamba hakuna shomoro hata mmoja anayesahauliwa na Mungu. Luka anaandika walikuwa wakiuzwa watano kwa senti mbili. Bei ya kutupa! Na bado wamehesabiwa.

Halafu kuna Mwanzo 1:28, kutawala. Hapa ndipo watu wengi hujificha. "Mungu ametupa mamlaka juu ya wanyama." Amen, ametupa. Lakini katika Biblia kutawala kuna masharti yake. Ezekieli 34 inawakemea wachungaji wa Israeli kwa sababu walitawala kwa nguvu na kwa ukali, hawakufunga waliovunjika, hawakutafuta waliopotea. Mungu akawanyang'anya kundi. Isitoshe, endelea kusoma Mwanzo 1:29–30 uone chakula alichopewa mwanadamu siku ile: mimea na matunda. Ruhusa ya nyama ilikuja baada ya gharika, sura ya 9, nayo ilikuja na mpaka, usile nyama pamoja na damu yake. Tusikie vizuri, sihubiri kwamba nyama choma ni dhambi. Mimi nakula, na Bwana wetu alikula Pasaka na samaki. Nasema tu kwamba hata tulipopewa ruhusa ya kuchinja tuliambiwa tukumbuke kuwa ule ni uhai, na uhai una mwenyewe.

Sasa nataka tutoke kwenye vitabu kidogo tuangalie jambo lililotokea hapa kwetu, maanake wajibu wa kanisa hauonekani hewani.

Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilikuwa na machinjio ya punda yenye leseni. Yalifika manne: Naivasha, Baringo, Machakos na Turkana. Soko lake halikuwa nyama tu. Kilichotafutwa hasa ni ngozi, ambayo huchemshwa China ikatoka gundi ya kutengenezea dawa inayoitwa ejiao. Ripoti ya KALRO, shirika letu la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyotoka 2019, ilisema kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Hao ni zaidi ya asilimia 15 ya punda wote wa nchi, kwa muda usiotimia miaka mitatu. Punda hazai haraka kama mbuzi. Hubeba mimba karibu mwaka mzima na hupata mtoto mmoja. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8. Ya 2019 ikahesabu milioni 1.2 hivi.

Wanaoishi sehemu za ufugaji wanajua kilichofuata. Punda walianza kuibwa usiku. Watu waliamka wakakuta zizi limefunguliwa, au wakakuta mizoga porini imechunwa ngozi na nyama imeachwa kwa mafisi. Sasa mama aliyekuwa akitumia punda kuteka maji anafanya nini? Anachukua mtungi wa lita 20, anaufunga kamba, kamba anaiweka kwenye paji la uso, anainama. Mzigo wa punda ulihamia mgongoni mwake. Msichana wa miaka 12 naye anachelewa shule. Mwezi wa pili mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku biashara ile, mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana huko Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Waliopaza sauti miaka ile walikuwa wenye punda, akina mama wa maji, na mashirika ya kutetea wanyama. Mimi nilitembea makanisa kadhaa wakati huo. Nilisikia maombi ya mvua, maombi ya uchaguzi, maombi ya visa. Punda alitajwa Jumapili ya Mitende peke yake, na alitajwa kwa sababu alikuwa amembeba Yesu.

Ndiyo maana nasema lile pingamizi la ndugu yangu, kwamba tuwaache punda tushughulikie watu, limejengwa juu ya jambo lisilo kweli. Linafikiri huruma ni kama unga kwenye debe: ukimpa punda kikombe kimoja, mtu atakosa. Historia inaonyesha vinginevyo. Tarehe 16 Juni 1824, kwenye mkahawa mmoja wa London, kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Arthur Broome aliwakusanya watu kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, cha kwanza cha aina yake. Kati ya waliokuwamo alikuwa William Wilberforce, na pia Thomas Fowell Buxton. Hawa ndio haohao waliopigana bungeni kukomesha biashara ya utumwa na utumwa wenyewe. Hakuna aliyeweza kuwaambia hawajali binadamu. Broome aliacha kazi ya parokia ili ashughulikie chama kile, akatumia pesa zake kulipa wakaguzi waende kwenye soko la mifugo la Smithfield, na mwishowe akafungwa jela kwa madeni ya chama. Mtumishi wa Mungu, jela, kwa ajili ya ng'ombe wa watu wengine.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1822, mbunge Richard Martin alikuwa amepitisha sheria ya kulinda mifugo, na inasimuliwa kwamba katika moja ya kesi za kwanza, ya muuza mboga aliyempiga punda wake, Martin aliagiza punda aletwe mahakamani mahakimu wajionee vidonda. Ipo picha iliyochorwa ya tukio hilo. Kila nikiikumbuka nafikiria Hesabu 22. Punda huyu hakufunguliwa kinywa, lakini alisikika.

Na kwa sisi Wapentekoste, kuna mzee wetu wa karibu zaidi. John Wesley, ambaye mafundisho yake ya utakatifu ndiyo yaliyozaa vuguvugu lililofika Azusa Street mwaka 1906, aliandika mahubiri mwaka 1781 juu ya Warumi 8 na kuhusu ukombozi wa viumbe vyote. Aliamini kwamba Mungu atawarejesha hata wanyama katika utukufu. Sitaki kuweka fundisho la kanisa juu ya hilo. Mambo ya umilele ya punda namwachia aliyemuumba. Lakini sura yenyewe hatuwezi kuikwepa. Sisi tunaupenda mstari wa 26, Roho akituombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Tunaukariri kila kesha. Rudi nyuma mistari minne tu, hadi wa 22: viumbe vyote vinaugua. Katika Kigiriki ni neno la shina lilelile. Uumbaji unaugua, sisi tunaugua, Roho anaugua. Kama kweli tumejazwa na Roho huyo, inakuwaje tusikie kuugua kumoja tu kati ya hayo matatu?

Wengine husema, hiyo ni kazi ya serikali, sheria ipo. Kweli, ipo. Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, imekuwapo tangu miaka ya uhuru. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumfanyisha kazi akiwa na jeraha, na kumsafirisha kwa namna ya kumtesa. Kwa sheria hiyo, kila kuku unayemwona amening'inizwa kichwa chini kwenye boda boda, miguu imefungwa, kichwa kinagongagonga, kuna mtu anavunja sheria. Mbuzi aliyekunjwa kwenye kiti cha nyuma kama gunia, vivyo hivyo. Lakini ni askari gani atasimamisha boda boda kwa ajili ya kuku? Na daktari wa mifugo ni mmoja kwa sehemu kubwa. Kanisa ndilo linalokutana kila wiki, na wote wamo: mwenye punda, anayemlipa mwenye punda, mchinjaji, muuza kuku, mwendesha boda boda, na yule mtoto anayempiga mbwa mawe akitoka shule. Hakuna semina ya serikali itakayowapata wote hao kwenye viti vilevile, wakiwa wamefungua Biblia.

Lakini tukinena, tunene na nani? Hapa ndipo sitaki kanisa likosee. Rahisi kabisa ni kumgeukia yule kijana wa mkokoteni na kumwambia ni mwovu. Mmoja wao anaabudu hapa. Nilikaa naye siku moja nikamuuliza juu ya kumpumzisha punda wake, akaniuliza, "Mchungaji, nikimpumzisha Jumatano, hiyo Jumatano watoto watakula nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na sikumpa mstari. Nilimwomba anieleze hesabu yake. Mkokoteni wa mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji, ukiacha mbao na matairi. Kwa nini 20? Kwa sababu mteja anataka bei ileile ya mwaka juzi, na akipakia 12 hapati pesa ya majani ya punda. Mteja ni nani? Ni mimi na wewe. Pale lori lisipofika, mchanga wa ujenzi, hata wa ujenzi wa nyumba za Mungu, huletwa na punda, na kamati husherehekea kwamba tumeokoa pesa. Nani amelipa hiyo tofauti?

Mjeledi unashikwa na kijana, lakini bei tunaishika sisi. Kanisa likinena na kijana peke yake litakuwa limefanya ukatili wa pili, wa kumwekea maskini mzigo wa dhambi ambayo wenye uwezo wananunua kila asubuhi. Kwa hiyo naanza na wanunuzi. Ukimwona punda ana kidonda chini ya kamba, usinunue hayo maji leo, au nunua na umwambie mwenyewe kwa upole, "Kijana wangu, weka gunia laini hapo, na kesho pakia kidogo, nitakuongeza shilingi kumi." Hiyo shilingi kumi ni mahubiri kuliko haya yangu.

Na tunene na sisi wenyewe, uani mwetu. Sikukuu ya mavuno inakaribia. Mnajua huwa inakuwaje: kuku, mbuzi, bata, wanaletwa kwa furaha, wanafungwa miguu, wanalazwa karibu na madhabahu au nje kwenye jua tangu saa tatu. Tunaimba, tunashuhudia, mgeni rasmi anachelewa, mnada unaanza saa nane. Kuku mmoja huinuliwa kwa mbawa, watu wanacheka, anazungushwa. Ile ni sadaka. Tumeshamwambia Mungu ni yake. Nimewaomba mashemasi mwaka huu wawe na matenga ya kutosha, kivuli cha turubai, na maji kwenye karai, na mnada wa wanyama uwe wa kwanza kabla ya hotuba. Kama mgeni rasmi atachelewa, atakuta mbuzi wameshaenda nyumbani.

Jambo la mwisho linahusu kisima chetu. Kanisa linauza maji, na kuanzia saa kumi na moja alfajiri mikokoteni imepanga foleni hapo langoni, wakati mwingine punda kumi au zaidi. Wanasimama mbele ya maji saa nzima, mitungi inajazwa, nao wanaondoka bila kunywa, kwa sababu mwenyewe hataki kumwagia punda maji aliyoyalipia. Katika Luka 13:15 Bwana anawauliza wenye sinagogi kama hawamfungui ng'ombe au punda siku ya Sabato wakampeleka kunywa. Aliuliza kama jambo ambalo kila mtu analifanya, hata mnafiki. Na mtumishi wa Ibrahimu alipomtafutia Isaka mke, Mwanzo 24, ishara aliyoiomba ilikuwa msichana atakayejitolea kunywesha ngamia. Walikuwa kumi, na ngamia mwenye kiu anaweza kumaliza zaidi ya lita 100. Rebeka alikimbia kisimani na mtungi begani, akarudi, akakimbia tena.

Halmashauri ya kanisa imekubali tujenge hori la kunyweshea hapo nje ya ukuta, kando ya bomba, na maji ya punda hayatalipiwa. Fundi amepima mahali na amesema atahitaji mifuko minne ya saruji, mchanga kidogo na siku mbili. Anayeweza kuleta kokoto amwone katibu baada ya ibada ya pili.